Jinsi ya Kupika Springi Hadi Iive

Vuta stuli ukae, ndugu yangu, tena kaa upande huu wenye kivuli. Nimesikia Ijumaa saa nane mchana mna zoezi la kupima ugumu wa springi. Nimesikia pia kwamba hutaki kuupima. Sikulaumu hata kidogo. Hapa Chechelesi, Isiolo, saa nane mchana mabati yanawaka, upepo unaingiza vumbi kupitia dirisha ambalo kioo chake kilivunjika kabla hujajiunga na shule, na springi zilizobaki hazitoshi darasa zima. Kijana mwenye heshima zake hawezi kupiga foleni kusubiri zamu ya kuning'iniza mawe ya gramu hamsini hamsini huku shati limemganda mgongoni. Kijana mwenye heshima zake anapika data.

Lakini hata jikoni kuna wanaopika na kuna wanaounguza. Kila muhula wanafunzi wanakamatwa, na ukichunguza utakuta hawakuponzwa na uongo. Waliponzwa na uvivu. Walibuni namba wakiwa mlangoni, daftari gotini, kengele imeshalia. Uongo wa maana unataka meza, penseli iliyochongwa na mtu wa kukuelekeza. Mtu huyo ni mimi.

Tuelewane jambo moja kabla hatujaanza. Ushauri huu ni wa zoezi la Ijumaa. Kwenye mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya fizikia, ile 232/3 ya saa mbili na nusu na alama 40, maagizo ya ukurasa wa kwanza yanasema alama hutolewa kwa kumbukumbu ya yale yaliyoonekana kweli. Huko nenda peke yako, na ukiulizwa, hunijui.

Hatua ya kwanza: ujue unachokidanganya.

Zoezi lenyewe ni hili. Springi inaning'inizwa kwenye klempu ya stendi. Chini yake inabandikwa pini iwe kielekezi, na rula inasimamishwa wima kando yake. Unasoma pini ilipo kabla ya mzigo wowote. Unaweka gramu 50, unasoma. Gramu 100, unasoma. Unaendelea hivyo hadi 250. Katika kila usomaji unatoa ule wa mwanzo, unajua springi imerefuka kiasi gani. Mzigo ukiwa mara mbili, ongezeko la urefu nalo huwa mara mbili. Ukigawanya kani kwa ongezeko hilo unapata namba moja isiyobadilika. Inaitwa k, na ndiyo ugumu wa springi. Basi, hakuna siri nyingine.

Ingawa zamani ilikuwa siri. Robert Hooke, Mwingereza ambaye kanuni hii inabeba jina lake, hakutaka wenzake wamwibie ugunduzi. Mwaka 1676 akachapisha rundo la herufi zilizopangwa kialfabeti, ceiiinosssttuv, akaliacha hapo. Ilipofika 1678 ndipo akazipanga upya zikawa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba kani huenda sambamba na mvutano. Kwa miaka miwili mzee huyo alishikilia sifa ya kugundua bila usumbufu wa kuulizwa maswali. Kwa hiyo usijione mkosaji ukiingia somo hili kwa ujanja. Mlango wake ulifunguliwa na mjanja.

Hatua ya pili: chagua jibu kabla ya kazi.

Watu waaminifu huanza na vipimo wakaishia kwenye jibu, na njiani wanatoka jasho. Wewe anzia kwenye jibu, ushuke kinyumenyume. Springi nyingi za maabara za sekondari hurefuka kama sentimita 4 zikipewa gramu 100, kwa hiyo k yake ni karibu nyutoni 25 kwa mita. Hiyo ni namba ya kiasi, haivutii macho ya mtu. Ila usiandike 25 yenyewe, maana imenyooka mno. Andika 24.8. Sijawahi kuona mtu akishukiwa kwa sababu ya 24.8.

Hapa wengi hukimbilia kuazima daftari la kaka aliyemaliza. Usithubutu. Springi za maabara haziishi kwa amani. Mmoja ataivuta ili arushie wenzake karatasi, mwingine atajipimia nguvu za mikono, na springi ikishavutwa kupita kikomo chake hairudi. Inabaki imeachama. Fundi wa maabara hataitupa, kwa sababu kununua mpya kunangoja bajeti, na bajeti inangoja karo. Atachukua koleo, akate sehemu iliyoharibika, apinde ncha iliyobaki iwe ndoano, airudishe kwenye boksi kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa sikiliza vizuri. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi. Ukiikata katikati, kila nusu ina ugumu mara mbili ya mama yake, kwa sababu koili za kurefuka zimebaki nusu. Ukiondoa robo, iliyobaki inapanda kwa theluthi, yaani ile ya 25 sasa ni 33. Kwa hivyo namba iliyo kwenye daftari la kaka yako ni ya springi iliyokwisha kufa, japo bado iko kwenye boksi lile lile. Na jirani yako wa meza ya pili, ambaye ulikuwa unapanga kumchungulia, ana springi yenye historia yake. Mwalimu anazijua zote. Ndiye aliyeshika tochi fundi alipokuwa akikata.

Utajuaje basi ya kwako? Onja. Mapumziko ya saa nne pita maabara kama mtu aliyesahau rula. Ning'iniza jiwe la gramu 100 mara moja, tazama pini imeshuka sentimita ngapi, uondoke. Huko hatukuiti kupima. Ni kuonja mchuzi tu, kama wanavyofanya wapishi wote.

Hatua ya tatu: jedwali. Hapa twende polepole, maana hapa ndipo watu wanapolia.

Mwanafunzi mvivu huandika hivi: 12.0, 14.0, 16.0, 18.0, 20.0, 22.0. Mwalimu akiona safu hiyo anatabasamu, halafu anaita jina lako kwa upole. Springi haijawahi kuwa na adabu kiasi hicho. Kuna mkono unaotetemeka, kuna pini iliyokaa upande, kuna jiwe lenye kutu ambalo gramu 50 zake ni 51. Tia chumvi kidogo, milimita moja juu, moja au mbili chini. Jaribu hivi: 12.3, 14.2, 16.3, 18.5, 20.4, 22.4. Kutoka mwanzo hadi mwisho pini imeshuka sentimita 10.1 kwa nyutoni 2.5, na ukigawanya unapata 24.75, yaani ile 24.8 tuliyoiagiza. Raha, sivyo?

Uwe mwangalifu na chumvi yenyewe. Mpishi mchanga huzidisha na kupunguza kwa zamu, juu, chini, juu, chini, na bahati haijui zamu. Tena mtu akibuni namba huzipenda 3 na 7, anaziogopa 0 na 5, na huona haya kurudia tarakimu ile ile mara mbili mfululizo. Rula haina haya. Ndiyo maana hapo juu nimeziacha 20.4 na 22.4 zifuatane na .4 zao. Na kila usomaji uwe na nafasi moja ya desimali, hata kama ni sifuri. Ukiandika 16 mahali pa 16.0 unapoteza alama kama mtu aliyefanya kazi kweli, na hiyo itakuwa dhuluma.

Halafu kuna mtego wa mzigo wa kwanza, ambao umewaangusha watu werevu kuliko mimi na wewe. Springi nyingine husokotwa kwa kukazwa, koili zimelaliana kabisa. Sehemu ya gramu 50 za kwanza huishia kuzibandua koili hizo tu. Springi inaweza kushuka sentimita 1.1 badala ya 2, kisha kuanzia hapo ikaendelea na mwendo wake wa 2 kwa 2 bila matata. Anayepika bila kulijua hili anaandika 2 tangu mwanzo, na mwalimu anajua papo hapo kwamba springi hukuigusa. Yako ni ya aina gani? Iinue kwenye mwanga. Ukiona nafasi kati ya koili, jedwali langu linakufaa. Ukiona zimefungana, halikufai, na itabidi urudi ukaonje kwa gramu 50. Na kwa kuwa utakuwa umeshaingia, onja na 150, ili ujue mwendo wake baada ya kubanduka.

Kuna safu moja ambayo wavivu wote huiruka, ile ya kusoma tena wakati wa kupunguza mawe. Wewe ijaze. Isifanane na ya kwanza moja kwa moja. Hapa milimita moja, pale hakuna kitu, kwingine mbili. Lakini mawe yote yakishatoka, pini irudi kwenye 12.3 yake. Ukiandika 12.9 utakuwa umekiri kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba umeivuta springi kupita kikomo, na kesi itahama kutoka kwa mwalimu wa fizikia kwenda kwa anayeshughulikia mali ya shule.

Hatua ya nne: wachague wenzako.

Najua mnapenda kupika kwa ushirika. Unaokoa muda, na ukikamatwa hukamatwi peke yako. Lakini mkumbuke Jan Hendrik Schön, kijana Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs kule Marekani. Alichapisha makala kwa kasi iliyowashangaza wenzake, na watu walikwisha kuanza kunong'ona habari za Tuzo ya Nobel. Mwaka 2002 akafukuzwa. Wasomaji walikuwa wamegundua kwamba grafu za vifaa tofauti, katika majaribio tofauti, zina mitikisiko ile ile, kila kijimwinuko mahali pake. Majibu ya watu wawili yanaweza kufanana. Makosa yao hayafanani. Basi mkigawana, gawaneni jibu, na makosa kila mtu akajipikie kwao.

Wala usizidi uzuri. Mwaka 1936 mtakwimu Ronald Fisher alizipigia hesabu zile njegere maarufu za Gregor Mendel, akaona matokeo yanaikaribia nadharia kuliko bahati inavyoruhusu. Nani alizilainisha namba hizo, au kama zililainishwa kweli, bado wataalamu wanavutana. Mendel mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1884, kwa hiyo hakuitwa ofisini. Wewe uko hai na jina lako liko kwenye orodha.

Hatua ya tano: grafu.

Furahi, hapa alama ni za bure. Mwenye kusahihisha anatazama mihimili iwe na majina na vizio, skeli iwe ya 1, 2 au 5 kwa kisanduku (mwenye kuchagua 3 anajitafutia kifo), na mchoro ujaze zaidi ya nusu ya karatasi. Weka nukta kwa misalaba midogo iliyochorwa na penseli kali. Chukua rula inayoonyesha, ili uone nukta zilizo chini yake, upige mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya kundi. Nukta nyingine zibaki juu ya mstari, nyingine chini. Usiziunganishe moja baada ya nyingine zikawa na kona kona. Na kwa jina la Mungu usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Kama springi yako ni ya zile za koili zilizolaliana, sifuri haihusiki.

Ukifika kwenye mteremko, chora pembetatu kubwa na usome nukta mbili zilizo kwenye mstari wenyewe. Nukta za jedwali achana nazo. Najua unazipenda, umezibuni mwenyewe na zimekugharimu usiku mzima. Lakini mstari ukishapigwa, hizo ndizo zilizoandikwa na mstari ndio unaosema.

Kitu kimoja kinanisumbua. Mstari ulionyooka unakuwa na aibu pale mwishoni, kwenye mizigo mikubwa, ambapo springi iliyochoka huanza kurefuka zaidi ya zamu yake. Hujui kama yako imechoka. Kwa hesabu yangu umeshaonja 50, 100 na 150. Zimebaki 200 na 250. Zimalize hizo nazo, alasiri moja tu, dakika mbili, zisije zikakuumbua. Na uziandike mahali. Si kwenye daftari la maabara, Mungu apishe mbali, maana hilo tumelitenga kwa ajili ya data iliyopikwa.

Hatua ya sita: vizio.

Fupi tu. Kama kani iko kwenye mhimili wa wima, mteremko ndio k. Kama umeweka kani kwenye mlalo, mteremko umegeuka kichwa chini, na lazima ugawanye 1 kwa huo mteremko. Na geuza sentimita kuwa mita. Mwenye kusahau ataandika nyutoni 0.25 kwa mita, na springi ya namna hiyo ukiitundika kilo moja ya sukari ingerefuka mita 40. Mwalimu atakuomba uilete aione.

Kuhusu uzito, andika kwamba umechukua g kuwa 10. Huu ndio upishi ninaouheshimu kuliko wote, kwa sababu unaruhusiwa na karatasi ya mtihani. Hapa Isiolo, karibu na ikweta na mita elfu moja na kitu juu ya bahari, g ni takriban 9.78. Kwa hivyo taifa zima linakosea kwa asilimia 2 kabla mtoto hajagusa springi, na hakuna aliyewahi kuitwa kujieleza.

Hatua ya saba: mwalimu akibadilisha zoezi.

Walimu wengine ni wabaya. Dakika ya mwisho anasema leo hatupimi urefu, tutatikisa. Unatundika gramu 200, unavuta kidogo, unaachia, inapanda na kushuka, unapima muda kwa saa. Usitetemeke. Kwa springi yetu ya 25, mtikisiko mmoja kamili huchukua sekunde 0.56, na ishirini huchukua kama 11.2. Andika 11.3, halafu 11.1, halafu 11.3 tena. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji g hata kidogo. Tungamo na muda vinatosha.

Ila kuna kosa moja ambalo usilipike, kwa kuwa kila mtu analifanya bila kutaka na mwalimu amelichoka. Wakati wa kuachia jiwe watu husema "moja". Wanapofika "ishirini" mitikisiko iliyopita ni 19. Muda unapungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa k inategemea mraba wa muda, jibu linapanda kwa asilimia 11 hadi karibu 27.7. Mtu wa kupika lazima ahesabu vizuri. Anzia "sifuri", hata ukiwa unahesabu mitikisiko ambayo haikutokea.

Hatua ya nane: lawama.

Ripoti inadai uorodheshe vyanzo vya makosa. Makosa yako yote umeyatengeneza mwenyewe kwa mkono, lakini sasa unatakiwa kuyatafutia baba. Usilaumu joto. Linaonekana la maana hapa kwetu, lakini chuma cha springi hakilegei kirahisi. Nyuzi 15 za tofauti kati ya asubuhi na alasiri haziubadilishi ugumu hata kwa asilimia 1, na mwalimu atakuuliza ulilionaje badiliko hilo kwenye rula ya milimita. Usilaumu vifaa vya shule pia, maana mwenye vifaa ndiye mwenye kalamu nyekundu.

Laumu upepo. Upepo wa Chechelesi haujawahi kukana shtaka. Unaingia dirishani, unayumbisha mawe kushoto na kulia, pini inacheza mbele ya rula, na hakuna shahidi wa kukupinga. Kisha ongeza macho, kwamba usomaji unabadilika kwa jicho lililo juu au chini ya pini. Umewahi kumtazama nesi kwenye kliniki ya watoto? Mtoto ametundikwa kwenye mizani ya springi, amevalishwa ile suruali ya kitambaa, analia na kurusha miguu, na mshale unaruka kati ya 7 na 9. Nesi haandiki 8 akamaliza. Anamtuliza, anangoja mshale upoe, anainama mpaka jicho liwe sawa na mshale, ndipo anaandika 7.8 kwenye kadi, na mama anasubiri hapo hapo kujua kama mtoto ameongezeka. Kazi ya namna hiyo inakula muda sana. Wewe andika tu "kosa la paralaksi" uendelee.

Hatua ya tisa: uso.

Mwalimu atapita kwenye meza. Atauliza, na daftari haliwezi kukujibia. Mabingwa wa jambo hili wako Nanyuki, hapo jirani tu. Nenda kwenye bango la ikweta utawakuta na beseni lenye tundu, jagi la maji na njiti ya kiberiti. Hatua chache kaskazini ya mstari maji yanazunguka upande mmoja. Hatua chache kusini, upande mwingine. Juu ya mstari yanashuka bila kuzunguka. Mtalii anapiga makofi na kununua cheti. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji ya beseni kwa umbali wa hatua ishirini kutoka ikweta. Kinachoyageuza ni mkono wa anayemimina na jinsi anavyogeuka na beseni lake. Lakini tazama uso wake. Hasiti. Anajua maji yalipaswa kwenda wapi kila upande, na anafanya mazoezi kila siku ya Mungu, mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa fizikia niliyewahi kumwona akirudia jaribio.

Wa kutomwiga ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika, wakitengeneza aiskrimu. Aliweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mtu mwenye akili ya kuishi angeandika kilichotarajiwa akanyamaza. Yeye akauliza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, darasa likamcheka, na akikosea hesabu wakawa wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Hakukoma. Huko huko akamuuliza swali lile lile mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye alienda kulijaribu. Mwaka 1969 makala yao ikachapishwa, na mpaka leo maprofesa wanabishana juu ya jambo hilo wakilitaja kwa jina lake. Unaitaka balaa hiyo? Zaidi ya miaka 50 watu usiowajua wanagombana juu yako, kisa aiskrimu?

Hatua ya kumi: kufuta nyayo.

Ukimaliza, kusanya mawe kwa mpangilio wake, funga rula na uzi, pangusa vumbi mezani. Mwanafunzi msafi hashukiwi. Ile karatasi ya kuonja, yenye usomaji wa 50, 100, 150, 200 na 250, iweke mbali na daftari. Kama wakati wa kunakili umegundua namba zake na zile tulizopika zinatofautiana, fuata zile za karatasi. Usiniulize kwa nini. Zinaendana na springi, na mwalimu anaweza kuamua kukagua.

Springi yenyewe irudishe kwenye boksi, uichanganye na nyingine kabisa, ili mwenye kutaka kuhakiki kazi yako alazimike kuzipima zote. Ila kabla ya kuichanganya, ifunge kipande cha uzi mwekundu kwenye ndoano, kidogo tu, kisionekane. Wiki ijayo kuna zoezi la springi mbili zilizotundikwa sambamba, na huko utamhitaji mtu unayemjua.